Ekari ya Nuu Ihesabiwe Kuanzia kwa Mpangaji

Katika wadi ya Nuu, mashariki ya Kaunti ya Kitui, mwenye shamba akiulizwa ekari yake inauzwaje, bei anayotaja huwa imetoka mahali patatu. Ya kwanza ni bei aliyouzia jirani mwaka uliopita. Ya pili imeletwa na broka kutoka Mwingi, ambaye hukumbusha kwamba mnunuzi ana haraka. Ya tatu ni karo: mtoto ameitwa chuo kikuu, kiasi kinachotakiwa kinajulikana, na shamba linapimwa kwa kiasi hicho. Mara nyingi mkataba hutiwa sahihi kabla ya yeyote kuuliza swali la nne, ambalo ndilo lingepaswa kutangulia: ardhi hii ikijengwa, nani atakayeishi hapo, na ataweza kulipa kiasi gani?

Mazungumzo haya yanahusu swali hilo la nne. Ndilo linaloamua kama familia imeuza shamba au imelitupa, na kama mnunuzi amenunua mtaji au amenunua deni. Jibu lake halipatikani kwa kubahatisha. Iko njia ya kulihesabu, na wathamini wa ardhi huitumia Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hakuna sababu ya mkulima wa Nuu kuikosa eti kwa kuwa anaishi mbali na miji hiyo.

Shamba linalopandwa ndengu, mbaazi na mtama lina thamani ya mavuno yake. Shamba hilohilo likikatwa ploti za makazi, mavuno hayaulizwi tena. Thamani sasa inatoka kwa mtu ambaye bado hajafika: mwalimu aliyehamishiwa shule ya karibu, mhudumu wa afya, fundi, mwenye duka, kijana wa bodaboda aliyeoa na kutaka chumba chake. Huyo ndiye atakayelipa kodi ya nyumba kila mwezi, na ndani ya kodi hiyo ndimo zitakamotoka pesa za aliyejenga, za aliyemuuzia mjenzi ploti, za broka, za mpimaji, na mwisho kabisa za mwenye shamba. Kila mmoja huchukua lake. Kinachobaki wote wakishachukua ndicho thamani ya ekari.

Mwanauchumi Mwingereza David Ricardo alieleza jambo hili mwaka 1817, nchi yake ilipokuwa ikibishania bei ya nafaka. Watu walidhani nafaka ni ghali kwa sababu wakulima wanatozwa kodi kubwa ya ardhi. Ricardo akaigeuza hesabu: kodi ya ardhi imepanda kwa sababu nafaka ni ghali. Bei ya kinachotoka ardhini ndiyo inayotangulia, na bei ya ardhi yenyewe hufuata. Kwa ardhi ya makazi, kinachotoka ardhini ni chumba, na bei yake ni kodi anayolipa mpangaji.

Tuanze basi na mjenzi. Tuseme anataka kununua ploti ajenge vyumba sita vya kupangisha, kila chumba shilingi 2,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi si bei za soko la Nuu. Ni za kuonyesha njia tu, na kila msikilizaji atie zake. Vyumba sita vitaleta shilingi 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Lakini si kila chumba hukaa na mtu mwaka mzima. Paa huvuja, choo hujaa, na kaunti ina ada zake. Akitenga robo ya mapato kwa ajili ya hayo, zinabaki 108,000.

Mjenzi huyo angeweza kuziweka pesa zake katika dhamana za serikali, ambazo mara nyingi zimelipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila kumkutanisha na fundi wala mpangaji. Kwa hiyo hatajenga asipopata zaidi ya hapo, tuseme asilimia 12. Shilingi 108,000 ni asilimia 12 ya shilingi 900,000. Basi 900,000 ndiyo pesa yote anayoweza kutumia, ardhi na jengo pamoja. Ikiwa mawe, saruji, mbao, mabati, choo, tangi la maji na malipo ya fundi vitafika 750,000, zinabaki 150,000. Hizo ndizo anazoweza kulipia ploti. Akilipa 200,000, hasara ameibeba tangu siku ya kwanza, hata kabla ya kuchimba msingi.

Sasa ipunguze kodi ya chumba kidogo tu. Wapangaji wakigoma kulipa 2,000 na kukubali 1,800, hesabu ileile inatoa 810,000 badala ya 900,000. Gharama ya jengo haijashuka. Bado ni 750,000. Ploti imebaki na thamani ya shilingi 60,000. Tofauti ya shilingi 200 katika kodi ya kila chumba imeondoa shilingi 90,000 katika bei ya ploti. Ndiyo maana mthamini makini akifika mahali hukaa kwanza na wapangaji na wenye nyumba, awaulize wanalipa na kulipwa ngapi, vyumba vingapi viko wazi, na vimekaa wazi kwa muda gani. Maswali hayo hayagharimu kitu, na mwenye shamba anaweza kuyauliza mwenyewe kabla broka hajafika.

Hatua ya pili ni kutoka ploti hadi ekari. Hapa wengi hukosea kwa sababu wanagawanya ardhi kichwani badala ya kuigawanya kwa kamba.

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti iliyozoeleka Kenya, ile ya 50 kwa 100, ina futi za mraba 5,000. Ukigawanya, unapata nane na ziada, na ndiyo sababu kila mahali utasikia kwamba ekari inatoa ploti nane. Hebu ekari hiyo ilazwe chini. Ikiwa ni ya mraba, kila upande wake una futi 208 na kitu kidogo. Zipange ploti safu mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na kina cha futi 100. Umeshatumia futi 200. Zimebaki futi 8 za barabara, na lori la mchanga peke yake lina upana unaokaribia futi 8. Likiingia, hakuna mtu wala punda atakayepita kando yake. Likikwama, ploti zote za ndani zimefungwa.

Ukitenga barabara ya futi 30, yaani kama mita 9, inameza zaidi ya futi za mraba 6,200. Zinabaki takriban 37,300, na hizo ni ploti saba. Kama shamba ni refu na jembamba, kama yalivyo mengi yaliyogawanywa kwa warithi kutoka barabarani hadi mtoni, huenda zisifike hata saba. Umbo la shamba lina bei yake, na halionekani kwenye karatasi iliyoandikwa tu idadi ya ekari.

Kuna pengo jingine ambalo wanunuzi hulipia bila kujua. Ploti ya 50 kwa 100 huuzwa mara nyingi kama sehemu ya nane ya ekari. Sehemu ya nane kamili ni futi za mraba 5,445. Mnunuzi amepungukiwa futi za mraba 445, eneo la kutosha vyumba vinne vya futi 10 kwa 10. Kwenye hati tofauti hiyo hujitokeza kwa hekta: ya kwanza ni kama hekta 0.046, ya pili ni hekta 0.05 na kidogo. Anayesoma hati kabla ya kulipa ataiona.

Turudi kwenye ekari yetu. Ploti saba kwa shilingi 150,000 ni 1,050,000. Tutoe gharama moja baada ya nyingine. Mpimaji, ramani ya ugawaji, vibali vya kaunti, idhini ya bodi ya ardhi na hati mpya, tuseme 30,000 kwa kila ploti: jumla 210,000. Kufungua barabara na kuweka bikoni, 90,000. Kuvuta maji hadi karibu na ploti, 150,000. Broka, asilimia 5 ya mauzo: 52,500. Mwisho ni faida ya yule anayenunua ekari na kuigawa, ambaye pesa zake zimefungwa mpaka ploti ya mwisho ipate mnunuzi. Tumpe asilimia 20 ya mauzo: 210,000. Jumla ya yote ni 712,500. Katika 1,050,000 zinabaki 337,500. Hiyo ndiyo bei ambayo ekari inaweza kubeba.

Broka akisema ploti zitauzwa 200,000 kila moja, hesabu ileile itaipa ekari shilingi 600,000. Bei ya ploti imepanda kwa theluthi moja, na bei ya ekari imekaribia maradufu. Na kama ploti zitauzwa 60,000, kwa sababu vyumba vinapangishwa kwa 1,800, mauzo yote ni 420,000 na gharama ni 555,000. Hapo ekari haina haja ya kukatwa. Iendelee kupandwa ndengu, na aliyeamua hivyo ameamua vizuri.

Hapo ndipo ilipo hatari ya ardhi ya kuendelezwa. Kila makadirio madogo ya upande wa mpangaji hufika kwa mwenye ardhi yakiwa yamekuzwa. Anayeuza bila kuhesabu anaweza kupoteza nusu ya urithi, na anayenunua bila kuhesabu anaweza kukaa na ploti tupu miaka mingi.

Hesabu yote hiyo imechukulia kwamba hati ipo na inasoma jina la muuzaji. Katika maeneo mengi ya Kitui na Makueni, jambo hilo haliwezi kuchukuliwa tu. Ziko familia zinazoishi kwenye ardhi ya babu ambayo hati yake bado ina jina la marehemu, na ziko sehemu ambazo upimaji na usajili wa mashamba ulichelewa kufika. Hati ikiwa ya marehemu, lazima urithi upitie mahakamani kwanza, na kila mwaka wa kungoja ni mwaka ambao pesa za mnunuzi zimelala. Mthamini hupunguza bei kwa ajili ya kungoja huko. Familia ikikamilisha urithi kabla ya kutafuta mnunuzi, punguzo hilo linabaki mfukoni mwake.

Shamba la kilimo lina sharti jingine. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, sura ya 302, inataka mauzo yaidhinishwe na bodi ya ardhi ya eneo hilo, na ombi lifikishwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi. Bila idhini, mkataba ni batili. Mke au mume asiyekubali anaweza kuyasimamisha mauzo ya ardhi ya familia. Na kuligeuza shamba liwe makazi kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Shamba ambalo limeshapata vibali hivi lina thamani kubwa kuliko la jirani ambalo halijapata, hata kama udongo ni ule ule.

Ploti za sokoni zina historia yake. Katika masoko mengi ya Kenya, mabaraza ya kaunti ya zamani yaliwagawia watu ploti kwa barua za ugavi, na barua hizo zimeuzwa mkono hadi mkono kwa miaka mingi kana kwamba ni hati. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises iliyohusu ardhi ya Nairobi, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya ugavi peke yake haimpi mtu umiliki. Ni ahadi ambayo masharti yake lazima yatimizwe hadi hati isajiliwe. Kwa hiyo ploti ya barua haiwezi kulinganishwa bei na ploti ya hati, hata zikiwa zimepakana.

Baada ya hati ni maji na barabara. Huku Ukambani vitu hivi viwili huamua bei kuliko mandhari ya vilima.

Mito ya eneo la Nuu hujaa kwa mvua na kukauka ikibaki mchanga. Katika mchanga huo ndimo maji yalimojificha. Tangu miaka ya 1990, jamii za Kitui pamoja na shirika la SASOL zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukata mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani yake yasikaushwe na jua. Watu huchimba kisima kidogo kando na kuchota hata miezi ya kiangazi. Ekari iliyo karibu na bwawa la namna hiyo haina haja ya zile shilingi 150,000 za kuvuta maji, au inahitaji kiasi kidogo. Pesa hizo zinahamia kwenye bei ya ardhi. Na malori yakiruhusiwa kuuchota mchanga huo kwenda kujengea mijini, maji yanaondoka, na bei ya mashamba ya pande zote mbili za mto inashuka pamoja nayo. Mwenye shamba anayeuza mchanga wa mto anauza pia sehemu ya shamba lake na la jirani.

Kuhusu barabara, watu wa Nuu wanao ushahidi wenye uchungu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba kwaya ya kanisa kutoka Mwingi likielekea harusini Nuu lilisombwa na mafuriko katika mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walifariki. Msiba huo ni wa roho za watu kwanza, wala hakuna hesabu ya pesa inayoufikia. Hata hivyo unaonyesha ni nini hasa kinachokosekana mahali ambapo mto hukata njia kila mvua zikinyesha. Mwalimu hawezi kufika kazini, mgonjwa hawezi kupelekwa Mwingi, saruji inapanda bei kwa sababu lori linangoja ng'ambo. Mpangaji anayeogopa kuvuka mto hapangi chumba. Daraja imara huongeza thamani ya kila ekari iliyo upande wa pili, na ongezeko hilo ni la kweli, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoweza kufika na kuishi.

Ongezeko la uvumi ni jambo jingine kabisa.

Nuu inapakana na bonde la Mui, ambako makaa ya mawe yamezungumzwa kwa miaka mingi. Serikali ililigawa bonde hilo katika vitalu vinne, na Desemba 2013 ikatia sahihi mkataba na kampuni ya Fenxi kutoka China kuhusu vitalu C na D. Kesi ya wakazi ilifika Mahakama Kuu, na hukumu ya mwaka 2015 imekuwa ikinukuliwa kote nchini kuhusu haki ya wananchi kushirikishwa. Lakini zaidi ya miaka 10 baada ya mkataba ule, mgodi ulikuwa bado haujaanza kuzalisha. Katika muda huo familia zilikaa bila kujua kama zijenge au zingoje. Aliyenunua shamba kwa bei ya makaa alifunga pesa zake katika udongo. Aliyeacha kujenga nyumba ya kudumu kwa kungoja fidia alipoteza miaka ambayo wanawe walikulia ndani yake.

Konza, kwenye mpaka wa Makueni na Machakos, ni funzo la pili. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili kando ya barabara ya Mombasa kwa kiasi cha shilingi bilioni 1, wastani wa shilingi 200,000 kwa ekari. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua mji wa teknolojia. Walionunua jirani wakitumaini kutajirika haraka walikuta ukanda wa kilomita 10 umewekwa kuzunguka mradi, na ndani yake huruhusiwi kujenga utakavyo. Bei iliyotajwa na mabroka ilikuwa ya mji. Kibali kilichokuwepo kilikuwa cha shamba. Tanzania nayo inalo jambo kama hilo: mwaka 2008 serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao, na mji wenyewe ukakawia. Kote huko, ramani ya mradi ilipandisha bei ya kutajwa huku ikishusha uwezo wa kujenga. Mthamini anayejua kazi yake huuliza mradi una pesa, una mkataba na una tarehe, halafu hupunguza thamani kwa kila mwaka ambao mnunuzi atalazimika kungoja.

Serikali ikifika yenyewe kutwaa ardhi, hesabu ina sheria zake, na watu wa Kitui na Makueni wanazihitaji. Reli ya SGR ilipita Makueni na kuanza kubeba abiria mwaka 2017. Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapoingia Athi, lilianza kujengwa mwaka 2018. Mradi kama huo unaweza kufika Nuu wakati wowote.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 40, inataka fidia ya haki ilipwe kamili na kwa haraka, na inaruhusu hata anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hati afidiwe. Kanuni za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Kama ekari imethaminiwa shilingi 337,500, asilimia hiyo ni 50,625, na mwenye shamba ana haki ya kuuliza iko wapi kwenye karatasi anayoletewa atie sahihi. Mwaka 2019 bunge likaleta faharasa ya thamani ya ardhi, ambayo kati ya mambo inayoyaangalia ni thamani ambayo watu walitangaza walipolipa ada na ushuru wa stempu. Nyongeza zilizofanywa miaka miwili kabla ya tangazo la kutwaa ardhi zinaweza kutohesabiwa.

Hapa kuna tabia inayostahili kuachwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini. Ili kuupunguza, watu huandika kwenye mkataba bei ndogo kuliko waliyolipana. Ardhi ya shilingi 600,000 ikiandikwa 300,000, mnunuzi wa shambani ameokoa shilingi 6,000. Lakini bei hiyo ya uongo inabaki kwenye kumbukumbu, na serikali ikifika kutwaa, ndiyo inayomkuta. Kwa shilingi 6,000 amehatarisha 300,000. Pia amewanyima majirani zake mfano wa kweli wa mauzo ambao wangeutumia kujua thamani ya mashamba yao.

Mthamini ni nani? Kenya ina sheria ya wathamini, sura ya 532, na Bodi ya Usajili wa Wathamini ambayo huweka orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa hukubaliwa na benki, mahakama na afisi ya ardhi. Neno la broka halikubaliwi. Broka hulipwa mauzo yakifanyika, kwa hiyo anataka yafanyike. Mthamini hulipwa kwa ripoti, shamba liuzwe au lisiuzwe. Ada yake ni gharama kwa familia moja, hasa mwaka wa ukame. Lakini familia tano za kijiji kimoja zinaweza kumwita pamoja, awatembelee siku moja na kugawana nauli na ada. Vikundi vya akina mama na vyama vya akiba vilivyojaa Ukambani vinaweza kuliratibu jambo hilo kama vinavyoratibu mengine.

Kabla hata ya mthamini, yako mambo ambayo mwenye shamba anaweza kuyafanya kwa wiki moja. Afanye upekuzi rasmi kwenye afisi ya usajili aone hati inasomaje. Atembee na mpimaji au na majirani waonyeshane mipaka. Aulize kodi ya vyumba sokoni na idadi ya vilivyo wazi. Ahesabu ploti kwa kamba, barabara ikiwemo. Aandike gharama zote, hata zile ndogo. Kisha ahesabu kurudi nyuma, kutoka kwa mpangaji hadi kwenye ekari yake, na kiasi kitakachobaki akishike kabla ya kusikiliza bei ya mtu mwingine.

Upande wa serikali kuna kazi ambayo haiwezi kufanywa na mkulima. Wizara ya Ardhi inapokea bei za mauzo kila hati inapohamishwa, kwa sababu ushuru hulipwa juu ya bei hizo. Kaunti za Kitui na Makueni nazo zina kumbukumbu za ploti za masoko yake. Bei hizo zitangazwe kwa kila wadi, bila majina ya watu, mara moja kwa mwaka: ekari ya shamba, ploti yenye hati, ploti ya barua, iliyo na maji na isiyo na maji. Orodha hiyo ibandikwe kwenye afisi ya chifu, isomwe barazani na kwenye redio za Kikamba na Kiswahili. Wawakilishi wa wadi wanaoomba kura za watu wa Nuu wanaweza kuidai katika bunge la kaunti mwaka huu, na wapiga kura wanaweza kuwauliza wamefikia wapi.